Maswali ya Wasomaji: Watakatifu tuwaombe watuombee, au tuwaache wapumzike?

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu Sikukuu ya Watakatifu Wote, ile ya Novemba mosi, mistari michache, basi meseji zikamiminika kutoka Kibosho, Rombo, Marangu hadi Arusha mjini, wengine wamekasirika na wengine wanataka kuelewa kweli. Nimechukua chache zinazobeba maswali ya wengi. Kwetu huku Kilimanjaro jambo hili halikai kanisani, linaingia mpaka jikoni, maana toka miaka ya 1890 mapadre Wakatoliki wa shirika la Roho Mtakatifu walipokaa Kilema na Kibosho, na Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, wakaanza Machame mwaka 1893, mlima wetu uligawanyika kwa madhehebu kijiji kwa kijiji na mpaka leo watu tunaoana tukivuka mipaka hiyo.

SWALI: Shikamoo kaka mhariri. Mimi nimezaliwa Machame nyumba ya Kilutheri, baba ni mzee wa kanisa, nimeolewa Kibosho kwa Wakatoliki, ndoa yetu ni mseto kila mtu kabaki kanisani kwake na mume wangu hana shida kabisa. Mama mkwe ni mtu wa sala sana nampenda na yeye ananipenda, ila sebuleni kuna picha ya Mt. Antoni kambeba Mtoto Yesu, pembeni sanamu ya Mama Maria na maua na mshumaa, na jumuiya wakija kusali kwetu wanaimba litania, majina mengine hata sijawahi kuyasikia, Mtakatifu fulani utuombee, Mtakatifu fulani utuombee, mi nabaki mdomo nimefunga na wanawake wengine wananitupia jicho. Juzi nikapoteza kitambulisho cha NIDA na natakiwa benki, nimetafuta mpaka nikalia, mama akawasha mshumaa akasali kwa Mt. Antoni, jioni kikaonekana kwenye mfuko wa sweta la mtoto ndani ya beseni la nguo chafu. Mama akaniambia "si umeona?" Nikakosa la kusema, maana nyumbani tumefundishwa mpatanishi ni mmoja tu, Yesu. Hivi kweli wanaabudu watu? Na mimi nifanyeje wakifika kwenye litania, nikiitikia naona nimemkosea Mungu, nikinyamaza naona nimemkosea mama. (Mkwe wa Kibosho)

JIBU: Marahaba dada yangu. Nianze na hilo linalokuuma zaidi. Hapana, mama mkwe wako haabudu watu, na nakwambia hivi nikiwa mwenyewe Mlutheri wa kuzaliwa, kipaimara nimepata Marangu, na kwenye sala zangu simwiti mtakatifu yeyote. Ila ukweli ni ukweli. Siku wakija tena jumuiya sikiliza litania toka mwanzo, usianzie katikati. Wanaanza na Bwana utuhurumie, Kristo utuhurumie, hapo wanaongea na Mungu na wanamwomba rehema. Wakifika kwa Mama Maria, kwa mitume, kwa Antoni na wenzake, ombi linabadilika, hakuna anayesema Antoni utuhurumie, wanasema utuombee. Na wanamalizia kwa Mwanakondoo wa Mungu anayeondoa dhambi za dunia. Yaani rehema inaombwa kwa Mungu peke yake, na mtakatifu anaombwa kitu kilekile unachomwomba rafiki yako wa usharika ukimtumia meseji usiku, niombee kesho nina usaili.

Na hii tuhuma kwamba ati Wakristo wanaabudu marehemu wao ni ya zamani mno. Yapata mwaka 155 kule Smirna, leo ni Izmir ya Uturuki, waliuawa Wakristo kadhaa na mmoja wao alikuwa askofu mzee anaitwa Polikarpo, aliyekataa kumkana Kristo akasema amemtumikia miaka 86 na hajamkosea kitu. Waumini wake waliokota mifupa yake wakaizika pazuri, wakapanga kukutana pale kila mwaka siku ile aliyokufa. Na katika barua waliyoandika kueleza kifo chake wanasema kuna watu walikuwa na wasiwasi kwamba sasa hawa watamwacha Msulubiwa wamwabudu huyu, wao wakajibu kwamba Kristo tunamwabudu kwa kuwa ni Mwana wa Mungu, ila mashahidi wake, yaani waliouawa kwa ajili yake, tunawapenda kama wanafunzi wake. Dada, hilo ni jibu la kabla hatujagawanyika kuwa Wakatoliki na Walutheri. Baadaye mwaka 787 mtaguso wa Nikea wa pili, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ukaliweka rasmi, kwamba picha na sanamu zinapewa heshima na heshima hiyo inaenda kwa yule aliyechorwa, lakini ibada yenyewe ni ya Mungu tu. Waorthodoksi nao wanashika mtaguso huohuo, ndo maana ukiingia kanisani kwao utakuta watu wanabusu ikoni.

Sasa kama mambo yako safi hivyo kwa nini sisi tulitoka? Hapa naomba unisome taratibu maana ndipo watu wetu wengi wanapodanganyana. Luther mwenyewe alikulia humohumo. Mwaka 1505 akiwa kijana anasoma sheria alikutwa na radi njiani akapiga kelele kwa Mtakatifu Anna amsaidie, akaahidi kuwa mtawa, na akawa kweli. Ila miaka ile heshima kwa watakatifu ilishachanganyikana na hesabu na pesa. Mtawala wa Saxony, Frederick, huyohuyo aliyemlinda Luther baadaye, alikusanya pale Wittenberg masalia zaidi ya 19,000, vipande vya mifupa, vitambaa, vijiti, na mtu aliyekuja kuvitazama siku yake na kutoa sadaka alihesabiwa kupunguziwa adhabu ya toharani, kule kutakaswa baada ya kufa, kwa miaka isiyo na idadi. Kanisa lenyewe la ngome liliitwa la Watakatifu Wote. Hoja 95 za Luther za kupinga biashara hiyo zina tarehe 31 Oktoba 1517, mkesha wa sikukuu hiyo. Kwa hiyo siku yetu ya Matengenezo na sikukuu ya mama mkwe wako zinapakana, na wengi wanaona hilo halikuja kwa bahati, maana umati ulikuwa unakuja kesho yake.

Walutheri walipoandika Ungamo la Augsburg mwaka 1530 walitenga kifungu kizima cha watakatifu, cha 21, na hakisemi watakatifu watupwe. Kinasema tuwakumbuke ili imani yetu iimarike na tufuate mfano wao, ila Maandiko hayatufundishi kuwaita au kutafuta msaada kwao, kwa sababu mpatanishi ni mmoja, 1 Timotheo 2:5, huo mstari wako wa nyumbani. Mwaka uliofuata wakaandika utetezi wa Ungamo hilo, na humo kuna kitu nataka kila Mlutheri wa mlima huu akijue, wanakubali kabisa kwamba watakatifu mbinguni wanaliombea kanisa. Wanakubali! Wanachokataa ni hatua inayofuata, kwamba kwa vile wanatuombea basi na sisi tuwaite. Wanauliza, nani ametuahidi kwamba wanatusikia?

Hapo ndipo ugomvi ulipo, dada. Pande zote mbili zinamwabudu Mungu mmoja kwa njia ya Kristo mmoja, swali ni kama aliyekufa katika Bwana anaweza kumsikia aliye hai. Mkatoliki atakuambia soma mstari wa kwanza wa sura hiyohiyo ya Timotheo, Paulo anaagiza watu wafanye maombezi kwa ajili ya wote, kwa hiyo kuombeana hakumnyang'anyi Kristo upatanishi wake, na kifo hakiwezi kukata undugu ambao Kristo ameufunga, Antoni anasikia kwa sababu yuko ndani ya Mungu, hasikii kwa uwezo wa masikio yake. Mlutheri atakuambia sawa, aliye hai namwona na najua kanisikia, wa mbinguni sijapewa ahadi, na dhamiri ya mtu anayekata roho haiwezi kusimama juu ya jambo lisilo na ahadi. Mimi nasimama na hili la pili. Ila la kwanza silidharau hata kidogo, limebebwa na watu waliozika ndugu zao waliouawa na hawakukubali kwamba wamewapoteza.

Kuhusu kitambulisho. Antoni alikuwa Mreno wa Lisbon, mtawa wa Kifransisko, mhubiri hodari wa Maandiko, alikufa karibu na Padua tarehe 13 Juni 1231 na hata mwaka haukuisha akatangazwa mtakatifu. Inasimuliwa kwamba kijana mmoja alitoroka na kitabu chake cha zaburi, akaomba, kikarudishwa, toka hapo vitu vilivyopotea ndo vikawa vyake. Mama alipokuambia "si umeona" mjibu tu, mama tumshukuru Mungu, na hatakukatalia maana hata yeye anaamini aliyetoa ni Mungu. Usiingie kwenye kubishana kwamba kingepatikana tu, na yeye asikifanye kuwa hoja ya kukuhamisha kanisa, vitambulisho vinapatikana kwa Wasabato na kwa Waislamu pia.

Kwenye litania, kaa kwa heshima, simama wakisimama, itikia zile sehemu za Kristo kwa sauti kabisa wakusikie, kwenye majina nyamaza kwa amani. Hujamkosea mtu. Mtaguso wa Trento mwaka 1563, ambao ulikaa makusudi kutujibu sisi, ulisema kuwaomba watakatifu ni jambo jema na lenye manufaa, haukusema asiyefanya hivyo amepotea. Na wewe mwambie mama mapema mkiwa wawili jikoni, usisubiri akaambiwa na majirani, mwambie mama mimi namwendea Yesu moja kwa moja ndivyo nilivyolelewa, ila nawapenda hao watu na nataka unisimulie habari zao. Halafu mwombe msome pamoja wimbo wa Maria, Luka 1 kuanzia mstari wa 46. Luther aliuandikia ufafanuzi mzima mwaka 1521 na alimsifu Maria humo kuliko mahubiri mengi ya Kilutheri niliyoyasikia maishani. Na Jumapili wote wawili mnakiri ushirika wa watakatifu kwenye imani ya mitume, yeye Kibosho na wewe usharikani kwako.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mtumishi. Mi nimeokoka niko Arusha, Sakina. Naona jarida lenu mnapooza mambo. Biblia iko wazi Kumbukumbu 18 inakataza kuuliza wafu, Isaya 8:19 inasema hivyohivyo. Antoni amekufa. Tofauti yake na babu yangu kule Uru aliyekuwa anamwaga mbege, ile pombe ya ndizi, kwenye masale, mmea wa heshima kwetu Wachagga, akiita majina ya mababu ni ipi? Ni mizimu ileile imevalishwa kanzu. Na Kutoka 20 inasema usijifanyie sanamu. Jibuni bila kuzunguka. (Kijana wa Sakina)

JIBU: Bwana asifiwe kijana wangu. Nimeipenda barua yako kwa sababu umemtaja babu yako, wengi wanaruka hapo.

Maandiko uliyoyataja yanakataza kwenda kwa wafu kutafuta siri, mfano wake ni Sauli kwa yule mwanamke wa Endori, 1 Samweli 28, alitaka Samweli apandishwe amwambie vita vitakwendaje. Mkatoliki anayesema Mt. Teresa utuombee hasubiri Teresa atokee amjibu, kwa hiyo ukimpiga kwa mstari huo umempiga kwa kosa ambalo hajafanya. Na babu yako alikuwa anafanya kitu kingine kabisa. Alimwaga mbege na kuchinja kwa sababu aliogopa, mtoto akiumwa au ng'ombe akitupa mimba ilikuwa ni lazima kuna babu kasahauliwa na ana njaa, kwa hiyo anapewa chake atulie. Ni sadaka, na anayepewa ni marehemu mwenyewe. Agustino, askofu wa Hippo, Mwafrika mwenzetu wa Algeria ya leo aliyefariki mwaka 430, aliulizwa swali kama lako, akajibu kwamba Wakristo hawatoi sadaka kwa mashahidi, wanaitoa kwa Mungu aliye Mungu wao na wa hao mashahidi, hata kama altare iko juu ya kaburi.

Lakini huko siyo mwisho maana kitabuni ni kimoja na moyoni mwa mtu ni kingine. Wapo watu wetu, nawajua, rozari iko shingoni na hofu ya babu iko palepale, wamembadilisha tu jina. Anasali novena siku tisa anatetemeka asije akaruka moja akapata mkosi. Na zile meseji za WhatsApp, tuma sala hii ya mtakatifu fulani kwa watu tisa kabla ya usiku wa manane la sivyo utaona, hiyo ni hofu ya masale imeingia kwenye simu. Ila ujue Kanisa Katoliki lenyewe linaikataa, katekisimu yao namba 2111 inaita ushirikina pale mtu anapodhani sala inafanya kazi kwa kule kuitamka tu bila moyo. Padre yeyote mwenye akili zake atakuambia futa hiyo meseji.

Sanamu sasa. Mungu aliyesema usijifanyie sanamu kwenye Kutoka 20 ndiye aliyeagiza makerubi wa dhahabu wakae juu ya sanduku la agano kwenye Kutoka 25, na nyoka wa shaba kwenye Hesabu 21. Kwa hiyo siyo kila umbo ni sanamu ya kuabudiwa. Lakini nenda 2 Wafalme 18:4, huyohuyo nyoka aliyeagizwa na Mungu mwenyewe, miaka mingi baadaye watu walikuwa wanamfukizia uvumba, na mfalme Hezekia akamvunja vipandevipande na Biblia inamsifu. Mimi huwa nawaambia Wakatoliki waishike ile ya kwanza na waiogope hii ya pili. Kitu kitakatifu kabisa kinaweza kuharibika mikononi mwa watu huku kikiwa palepale kilipowekwa.

Umesema Antoni amekufa. Hapa wenye jibu lililonyooka kuliko wewe ni Wasabato, wao wanafundisha wafu wamelala hawajui neno lolote, Mhubiri 9:5, mpaka siku ya ufufuo, kwa hiyo kwao hakuna wa kumwomba, basi. Wewe je? Kanisani kwenu mtu akifa hamsemi ameenda kwa Bwana? Mkishasema hivyo, na Paulo anasema hivyo Wafilipi 1:23, inabidi mjibu anafanya nini huko. Ufunuo 6 unaonyesha roho za waliouawa wanalia chini ya madhabahu wakiuliza mpaka lini, kwa hiyo wanajua duniani damu yao bado haijalipwa. Ufunuo 5:8 unaonyesha wazee ishirini na wanne na vitasa vya uvumba ambavyo ni maombi ya watakatifu. Mkatoliki anasema umeona, wanapeleka maombi. Wewe una haki ya kumjibu kwamba wanapeleka ndiyo, ila hakuna mtu wa duniani anayeonekana akiwasemesha hao wazee, maombi yameelekezwa kwa Mungu. Na akikutolea 2 Makabayo 15, pale Yuda Makabayo anapoota Yeremia aliyekwisha kufa akiwaombea watu, utafungua Biblia yako ya vitabu 66 usikute, yeye ya kwake ina 73. Sehemu kubwa ya ubishi wenu iko hapo, mnabishana kwa Biblia mbili na mapokeo ambayo mmoja anayakubali na mwingine hayakubali.

Nikuombe na mimi kitu kimoja bila ugomvi. Ukitoka hapo Sakina ukishuka mpaka stendi ya Kilombero, angalia vioo vya daladala na bodaboda. Picha za manabii walio hai, wamevaa suti, na watu wanaamini ile stika inawakinga na ajali, na nyumbani kuna chupa ya mafuta na maji yenye sura ya huyohuyo mtumishi. Petro alipoangukiwa miguuni na Kornelio alimwinua akasema simama, mimi pia ni mwanadamu, Matendo 10. Lipeleke hilo kanisani kwenu kwa nguvu hiihii uliyoniletea mimi la Antoni.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristu. Mimi ni mzee wa Mkuu, Rombo. Mjukuu wangu kahamia kwa walokole ananiambia Papa anatengeneza watakatifu. Nieleze inakuwaje mpaka mtu atangazwe, na Baba wa Taifa amefikia wapi. (Mzee wa Rombo)

JIBU: Milele amina, na shikamoo mzee wangu. Kwa maelezo ya kanisa lako Papa hatengenezi, anatangaza kwamba mtu huyu yuko mbinguni, na wasiotangazwa ni wengi mno kuliko waliotangazwa, ndo maana kuna siku ya Watakatifu Wote. Miaka karibu elfu ya mwanzo hapakuwa na utaratibu wa Roma, watu na askofu wao walijua nani shahidi na nani si shahidi, wa kwanza tunayemjua kutangazwa rasmi na Papa ni Ulrich askofu wa Augsburg mwaka 993. Siku hizi, kwa sheria za 1983, wanasubiri kwa kawaida miaka mitano tangu kifo, halafu jimbo linaanza kukusanya ushahidi na maandishi yake yote, mazuri na mabaya, hapo anaitwa Mtumishi wa Mungu. Roma ikiridhika kwamba aliishi fadhila kwa kiwango cha kishujaa anapanda, ukithibitika muujiza mmoja kwa maombezi yake anakuwa Mwenyeheri, wa pili ndo Mtakatifu. Mfiadini hahitaji ule muujiza wa kwanza, damu yake inatosha.

Mwalimu Nyerere alifariki 14 Oktoba 1999, na jimbo la Musoma lilifungua mchakato wake mwaka 2005, ni Mtumishi wa Mungu. Hapo unaruhusiwa kumwomba kimyakimya wewe na familia yako ila hakuna kumwekea altare wala misa ya kumheshimu hadharani. Wapo wanaosema mwanasiasa hawezi, wanakumbuka vijiji vya ujamaa na watu waliohamishwa kwa nguvu, na hao wana haki ya kusikilizwa, mchakato umewekwa kwa ajili hiyo hasa. Usiwakasirikie mzee.

Kwa mjukuu wako usianze na Papa. Mpeleke Namugongo kule Uganda, basi za mahujaji zinatoka huku kwetu kila mwaka kabla ya tarehe 3 Juni. Kati ya 1885 na 1887 Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, aliwaua vijana wake wa ikulu na watu wengine waliokataa kuiacha imani, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, wengine waliviringishwa kwenye matete wakachomwa pamoja siku moja, Karoli Lwanga akiwa mbele yao, na Kizito akiwa mtoto wa miaka kama kumi na minne. Moto haukuuliza nani dhehebu gani. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza wale 22 watakatifu Oktoba 1964 aliwataja na Waanglikana waliokufa kwa jina lilelile la Kristo, na leo pale Namugongo Waanglikana wana sehemu yao na wanaadhimisha siku hiyohiyo. Waanglikana hao katika kifungu chao cha 22 wameyakataa mafundisho ya Roma ya kuwaita watakatifu! Hawawaiti, lakini hawajawasahau. Hapo nasema na Walutheri wenzangu pia. Kifungu cha 21 kimetuagiza tuwakumbuke, na watoto wetu wa kipaimara ukiwauliza Kizito ni nani wanakutolea macho. Tumeogopa kuabudu watu mpaka tumeacha kuwafundisha watoto kwamba kuna watoto wenzao waliokufa kwa ajili ya Yesu hapa jirani. Hilo linaniuma, na ningependa wachungaji wetu walifanyie kazi kabla ya Juni ijayo.

SWALI: Kaka, mume wangu Mkatoliki, mimi Mlutheri wa KKKT, mtoto wetu tunambatiza kwao na tunataka aitwe Elirehema jina la bibi yangu. Katekista amesema hapana, lazima jina la mtakatifu, tuchague Evarista au Genoveva. Ni lazima? (Mama Mtarajiwa, Himo)

JIBU: Hongera sana dada. Katekista wako anakumbuka sheria ya zamani. Ile ya mwaka 1917 iliwataka maparoko wahakikishe mtoto ana jina la Kikristo, na wazazi wakishindwa paroko aongeze jina la mtakatifu, yote mawili yaandikwe kwenye kitabu cha ubatizo. Ndo maana huku kwetu ukisikia Aloyce au Protas unajua huyu wa Kibosho au Rombo, na Elibariki unajua wa Machame, kabla hata hujaulizia ukoo. Sheria ya sasa ya 1983, kanuni ya 855, inasema tu jina lisiwe geni kwa hisia ya Kikristo. Elirehema limejaa Mungu na rehema, halina ugeni wowote. Mkipenda mwongezeeni na jina la mtakatifu ili awe na somo wake, yaani mtakatifu mwenye jina kama lake, upande wa baba, siyo vibaya, bibi zake wote wawili watafurahi. Msipopenda, nendeni ofisini kwa paroko wenyewe, mama na baba pamoja, mwambieni jina na sababu yake, na mtajeni kanuni hiyo kwa upole.